Kajibu swali la mtihani sawasawa, lakini anaamini beringi inapashwa moto "ili ilegee". Nianzie wapi?

Chaki na Spana ameandika:

Wakuu, habari za kazi.

Nafundisha fizikia na kemia kwa mwaka wa kwanza wa stashahada ya uhandisi. Darasa moja, wanafunzi 37, mitambo, umeme na ujenzi wote humo humo kwa sababu ratiba haikutoa nafasi ya kuwatenganisha. Mimi nimesomea fizikia. Kemia nimebebeshwa mwaka huu baada ya mwenzangu kuhama. Si neno, nimeshaizoea, ila kuna jambo limetokea wiki iliyopita na tangu siku hiyo nalizungusha kichwani.

Tulikuwa tumemaliza kutanuka kwa metali. Nikatoa swali la jaribio: reli ya mita 12, joto linapanda kwa nyuzi 35, kigezo cha kutanuka ni 12 × 10⁻⁶ kwa kila nyuzi, tafuta ongezeko la urefu. Jibu ni milimita 5 na ushee. Wengi walipata. Mmoja wao, nitamwita Kerezo kwa sababu kwenye mashine ya kukereza hana mpinzani, alipata alama zote na akaandika vizio kila mstari, jambo ambalo nimelihubiri hadi sauti imekauka.

Siku mbili baadaye nikapita karakana kuchukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana. Nikamkuta Kerezo huyo huyo na wenzake wanne wanavalisha beringi (pete ya chuma inayobeba mhimili unaozunguka) kwenye shafti, yaani mhimili wenyewe, ya milimita 50. Beringi ilikuwa ndani ya mafuta ya moto, kipimajoto kinasoma 105. Akaitoa kwa koleo, akaielekeza, ikateleza hadi kwenye bega la shafti kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Akaishikilia pale mpaka ikabana. Kazi safi, sina la kusema. Nikamuuliza, tena kwa mzaha tu, kwa nini mmeipasha moto?

"Ili ilegee, mwalimu."

Nikadhani ni namna yake ya kusema. Ilegee vipi? Akanieleza kwa utulivu wa mtu anayejua kazi: chuma kikipata moto kinakuwa laini, kikiwa laini kinakubali kuingia, kikipoa kinakaza. Nikamwambia kwa nyuzi 105 chuma hakijalainika hata chembe, na kama kingelainika, beringi hiyo ingekuwa ya kutupa. Akatikisa kichwa kwa adabu, ile adabu ya kumaliza mazungumzo na mkubwa.

Nikawageukia wote watano: tundu la beringi likipata moto linakuwa kubwa au dogo? Wanne wakasema dogo. "Si chuma kinatanuka, mwalimu? Kinatanuka na kuja ndani pia." Na beringi walikuwa wametoka kuivalisha sasa hivi, kwa mikono yao wenyewe!

Kemia ndiyo usiseme. Nilianza na muundo wa atomu kama muhtasari unavyotaka. Kufika wiki ya tatu watu wa ujenzi walikuwa wameshahamia viti vya nyuma karibu na mlango. Mmoja akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, mimi nakwenda kumwaga zege, elektroni zinanihusu nini?" Nikamjibu "utaona mbele ya safari". Nililijua jibu hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Ndilo walilonipa mimi.

Kwa wiki nina saa 3 za nadharia na saa 2 za maabara. Bureti ninazo sita, moja inavuja. Waliopita njia hii, nianzie wapi?

Babu wa Maabara ameandika:

Mwalimu, pole na hongera. Hongera ni kwa kuuliza swali lile karakana. Wengi wetu tungechukua kalipa tukaenda zetu, na kijana angemaliza masomo na alama nzuri na beringi zake zilizolegea.

Mimi nimefundisha somo hili miaka mingi kupita inavyofaa, na kosa nililochelewa kuliona ni la mpangilio. Tunatoa kanuni, halafu tunatafuta mfano wa kuivalisha. Kijana anaiweka kanuni kwenye rafu ya mtihani. Karakana nako anakuta maelezo yake, kapewa na aliyemtangulia kwenye jiliwa (kibanio cha karakana), nayo yanafanya kazi. Kwa nini ayaache? Beringi si inaingia!

Jaribu kuanza na kitu kilichoharibika. Nina koili ya hita ya maji iliyoungua, imevaa ukoko mweupe mnene kama gome la mti. Naiweka mezani, sisemi kitu. Naipitisha, waikwangue kwa kucha. Nani ameiua hii? Wa umeme watasema shoti. Sawa, tuone. Navunja kipande cha ukoko, nakidondoshea asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kinatoa povu. Gesi naipeleka kwa mrija kwenye maji ya chokaa, yanageuka maziwa, dalili ya kaboni dioksaidi. Hapo ndipo naandika ubaoni kwamba bikaboneti ya kalsiamu iliyoyeyuka kwenye maji ikipashwa moto inavunjika, inaacha kaboneti ya kalsiamu, maji na kaboni dioksaidi. Mlinganyo huo hawauandiki kwa kunung'unika, kwa sababu wanataka kumjua muuaji.

Halafu ndani ya kipindi hicho hicho navua kofia ya kemia. Chuma cha kawaida kinapitisha joto kwa kiwango cha karibu 50 kwa vizio vya wati kwa mita kwa nyuzi. Ukoko wa chokaa uko chini mno. Hata ukiukadiria kwa ukarimu ukaupa 2, milimita 1 ya ukoko inazuia joto sawasawa na milimita 25 za chuma. Sasa koili inazalisha joto lile lile lakini halina pa kutokea. Inazidi kuwa ya moto ndani hadi waya unakatika. Wa umeme hapo anakaa vizuri kwenye kiti.

Yule wa zege mwachie mimi. Koroga saruji na maji, tengeneza madonge mawili. Moja liache mezani, la pili lizamishe ndani ya ndoo ya maji. Waulize lipi litakuwa gumu. Wengi wataapa kwamba la ndooni halitakauka. Kesho yake litoe, ligonge kwa spana. Zege haigandi kwa kukauka, inaganda kwa sababu saruji inaungana na maji, na joto linatoka. Chomeka kipimajoto kwenye donge kubwa uone. Kisha lidondoshee fenolfthalini, kiashiria cha besi, litakuwa la waridi kali, maana zege changa ina besi nyingi, pH inapita 12. Besi hiyo ndiyo inayoipa nondo utando wa kuizuia isishike kutu. Miaka ikipita, kaboni dioksaidi ya hewani inaingia taratibu na kuila besi hiyo. Vunja zege kuukuu, dondoshea tena: pembeni rangi haitoki kabisa, ndani ni waridi. Waridi likishapotea hadi kwenye nondo, chuma kinaanza kupoteza elektroni. Kumbe zilikuwa zinamhusu.

Moli Moja ameandika:

Babu, shikamoo. Povu lako nalipenda, ila niruhusu nikupinge kidogo.

Nimewaona walimu waliogeuza somo hili kuwa maonyesho. Kila wiki kitu kinatoa povu, kinabadilika rangi, kinalia. Darasa linachangamka. Ukiuliza mwisho wa muhula ukoko kiasi gani, kimya. Mhandisi analipwa kwa ajili ya hilo "kiasi gani". Kujua kwamba kuna ukoko, hata mfagiaji wa chumba cha boila anajua.

Kwa hiyo Chaki na Spana, moli (kipimo cha kemia cha kuhesabia chembe) usiitupe, ipe kazi. Chukua mililita 50 za maji, weka bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya pH 10, weka kiashiria kile kinachogeuka kutoka rangi ya zabibu hadi buluu, dondosha EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu, ya moli 0.01 kwa lita. Mililita 1 ya EDTA hiyo inakamata ugumu (madini yanayoacha ukoko) sawa na miligramu 1 ya kaboneti ya kalsiamu. Tuseme imetumika mililita 10. Basi miligramu 10 ziko kwenye mililita 50, yaani 200 kwa lita. Sasa waambie boila inameza mita za ujazo 10 za maji hayo kwa siku, na ugumu wote ni ule wa kuondoka kwa kuchemsha. Ni karibu kilo 2 za ukoko. Kwa siku. Waache wapige hesabu ya mwezi wenyewe, halafu waulize kwa nini mililita 1 iwe miligramu 1 na si kitu kingine. Hapo wataiomba moli kwa mdomo wao, na kaboneti ya kalsiamu ilivyo na adabu ina gramu 100 kwa moli.

Na tusisahau kwamba baadhi yao wataendelea na shahada. Huko hakuna koili ya kukwangua.

Muundo wa atomu kwa wiki tatu, hapo nakuunga mkono, ni nyingi. Waonyeshe nani anatoa elektroni kirahisi na nani anazing'ang'ania, kadiri volti ilivyo hasi ndivyo metali inavyotoa kirahisi: zinki iko volti −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34, endelea na kutu.

Kijana wa Jiliwa ameandika:

Walimu wangu shikamooni. Mimi niko upande wa pili, nimemaliza stashahada ya mitambo juzi tu, na huyo Kerezo ni mimi kabisa.

Naomba niseme kitu ambacho hakisemwi. Mimi fizikia niliifeli mara ya kwanza kwa sababu ya kikokotoo. Kweli kabisa. Kuandika 12 × 10⁻⁶ nilikuwa nabonyeza 12, kuzidisha, 10, halafu kile kitufe cha kipeo, halafu −6. Kitufe kile chenyewe kimeshabeba "mara kumi", kwa hiyo majibu yangu yote yalikuwa makubwa mara kumi. Kila swali la kutanuka nilikosa, mwalimu anaandika "makini!" kwa wino mwekundu. Niongeze umakini gani tena? Nilirudia hesabu mara tatu na jibu likawa lile lile.

Aliyenigundua ni mwenzangu tuliyekuwa tunalala chumba kimoja.

Ninachojiuliza hadi leo ni kwa nini mimi mwenyewe sikushtuka. Swali la beringi ya milimita 50 nilipata 0.48 badala ya 0.048. Karakana nisingekubali nafasi ya 0.48 kwenye beringi hata kwa dakika moja. Darasani niliandika na kupiga mstari mara mbili chini yake.

Fundi Zamu ya Usiku ameandika:

Kijana wa Jiliwa ameongea kitu kikubwa, msikilizeni.

Mimi si mwalimu, ni wa matengenezo kiwandani, napokea vijana wa mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Wanakuja na majibu yenye tarakimu nane baada ya nukta, lakini ukimuuliza 0.05 ya milimita ni nini, anatazama dari. Mwalimu, chukua ile geji ya majani ya kupimia nafasi. Chomoa jani la 0.05 na jani la 0.50. Kila mmoja ayashike, ayapinde, ayapitishe kati ya vidole. La 0.05 linatikisika hata ukilipulizia pumzi. Baada ya hapo mpe hesabu ya beringi, na kabla hajagusa kikokotoo aonyeshe kwa kidole: jibu liko karibu na jani gani? Kosa la mara kumi halitapita tena bila kelele.

La pili ni vizio. Wape kisa cha ndege ya Air Canada, Boeing 767, tarehe 23 Julai 1983. Usiwape jibu, wape namba tu. Ndani ya matangi kulikuwa na lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Walitumia 1.77 kugeuza lita kuwa kilo, wakaongeza lita 4,916. Waambie wakague hesabu. Wataikagua, wataiona iko sawa, na iko sawa kweli, isipokuwa 1.77 ni ratili kwa lita. Kwa kilo ni karibu 0.8. Zilihitajika kuongezwa lita elfu 20 hivi. Ndege ikaishiwa mafuta angani, injini zote mbili zikazima, rubani akaiongoza ikielea bila injini mpaka uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, Kanada. Hakufa mtu. Mimi vijana wangu nawaachia namba hizo usiku mzima, anayegundua simwagizi chai.

Mengine ya kutu ameshasema Moli Moja, naongeza moja la karakana: boliti ndogo ya chuma kwenye bamba kubwa la shaba, sehemu yenye maji ya chumvi, inaliwa upesi mno. Boliti ya shaba kwenye bamba kubwa la chuma inakaa muda mrefu. Metali ni zile zile mbili, chumvi ile ile. Waache wagombane kwa nini. Jibu liko kwenye ukubwa wa eneo: bamba kubwa la shaba linavuta elektroni nyingi, na mzigo wote unamwangukia boliti mdogo wa chuma.

Chaki na Spana ameandika:

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zimepita, nilitaka nije na kitu mkononi badala ya "asanteni" tupu.

Babu, sina koili, nikaanza na beringi yangu. Nilimpa Kerezo kazi: akereze kipande cha duara cha milimita 50.03 na pete yenye tundu la milimita 50.00. Sikumwambia ni za nini. Pete ya kwanza ilimponyoka ikawa 50.06, kipande kikaingia bila moto, darasa likacheka sana na yeye akacheka. Ya pili ilikuja sawasawa. Tukaipima kwa mikromita, watu watatu tofauti, tukaijaribu kwa mkono: haiingii.

Nikapiga kura. Pete ikipata moto tundu linakuwa dogo: mikono 29. Kubwa: 8. Nikawaambia wa "dogo" waandike sababu, na waliandika vizuri, kwa mantiki. Ndipo nikawaomba wakate ile pete kwa mawazo, wainyooshe iwe fito. Fito ikipata moto inakuwaje? Inarefuka. Sasa ipinde tena iwe pete; tundu si limekuwa kubwa? Kelele zikaanza nyuma kwenye mlango, kwa wale wa ujenzi, sikutegemea.

Geji ya Fundi tuliipitisha kabla ya hesabu. Waliokadiria jani la 0.05 walikuwa wachache, lakini waliopata 0.48 kwenye kikokotoo walijishtukia wenyewe, wawili, bila mimi kusema. Vidole vilikuwa pale pale kwenye kitufe alichokitaja Kijana. Miaka yote naandika "makini!" na mimi. Nimeacha.

Tukaipasha pete hadi 105. Mmoja akataka kupima tundu likiwa la moto kwa kalipa. Nikamwacha aseme, mwenzake akamkatiza kwamba kalipa nayo itapata moto, itatanuka nayo. Tundu liliongezeka 0.048 kwa hesabu, upana uliozidi ulikuwa 0.03, kwa hiyo ilibaki nafasi ya 0.018. Pete ikashuka yenyewe.

Kerezo alikaa kimya. Halafu akasema, "Kwa hiyo ni hiyo 0.018 tu, mwalimu? Hakuna kilicholegea?" Nikamwambia hakuna. Akaomba kuishika ile pete iliyoharibika ya 50.06, akawa anaizungusha kwenye kipande. Kipindi kikaisha. Kesho yake akanifuata ofisini: kama ni nafasi tu, si tungeigandisha shafti badala ya kuchoma beringi?

Fundi, hilo nimekuletea wewe.

Moli Moja, EDTA ni wiki ijayo. Madonge ya saruji yako ndooni.

Fundi Zamu ya Usiku ameandika:

Mwambie inafanyika, tena sana, hasa pale ambapo kitu cha nje ni kikubwa mno kukipasha. Barafu kavu iko nyuzi 78 chini ya sifuri. Glavu nene lazima na hewa iwe inapita, gesi yake inafukuza hewa ya kuvuta. Shafti ikitoka inavaa umande ulioganda papo hapo, asipoufuta unaingia nao ndani na baadaye ni kutu. Na afanye haraka. Apige hesabu kutoka nyuzi 25.

Chaki na Spana ameandika:

Kerezo amepata kwamba shafti itasinyaa milimita 0.062. Nikamwambia kwenye baridi kali chuma hakisinyai kwa kigezo kile kile, kinapungua kidogo. Akafuta, akaandika 0.06. Mwenye namna ya kuzuia koki ya bureti isivuje zaidi ya kuipaka grisi aniambie, Jumatatu nazihitaji zote sita.